Mbwa wa Nyumba Isiyoshinda Watu

Ipo siku moja, mwanangu Rehema, ambayo kila nikisinzia mchana hunijia yenyewe. Hunijia na harufu ya maziwa ya moto na moshi wa mkaa, na mlio wa treni inayoingia Kilosa ikitokea Dodoma, na kabla sijafumbua macho huwa nimekuwa kijana tena, magoti hayaumi, na uani kwangu kuna mbwa mweupe amefungwa kamba kwenye mpapai. Naikumbuka siku hiyo kuliko hata siku ya ndoa yangu. Ya ndoa nasaidiwa na picha ukutani. Hii hakuna aliyeipiga picha.

Nakwambia haya kwa sababu ya hicho ulichonionyesha kwenye simu asubuhi. Mbwa ana manyoya mpaka yamefunika macho, kama bibi harusi. Ukaniuliza, "Mama mkubwa, huyu si mzuri?" Nikasema mzuri. Na ni mzuri kweli, sikukudanganya. Najua pia kwa nini unamtaka: nyani wa hapa Mikumi wamekuzoea, juzi wameingia jikoni wakamwaga unga wote, na usiku mumeo akiwa safarini na lori lake unaogopa. Shida yako naiona. Lakini kaa hapa barazani kidogo kabla zamu yako haijaanza, nikupe habari ya uzuri.

Wakati huo nilikuwa mama ntilie karibu na stesheni. Naamka kabla ya jogoo, nawasha moto, abiria wakishuka wakute chai na chapati. Mume wangu, Baba Tatu, alikuwa kibarua kwenye genge la reli. Akipanda kiberenge kwenda kutengeneza njia upande wa Kidete, siku tatu humwoni. Binti yetu Tatu alikuwa shule, na akitoka shule anakuja kwangu kuosha vyombo. Nyumba ilishinda na kufuli. Jioni tunarudi, tunakula, tunaanguka kitandani. Wewe si unayajua hayo maisha? Ndiyo haya haya yako, tofauti ni kwamba wewe unavaa sare nyeupe ya zahanati na mimi nilivaa khanga yenye masizi.

Basi kulikuwa na mama mmoja wa Ulaya, mtaalamu wa mifereji ya mashamba, aliyekuwa akija kula kwangu. Siku zake za kukaa zikaisha, akawa anatafuta mtu wa kumwachia mbwa wake. Alikuwa mbwa mkubwa, mweupe, manyoya yamejaa laini, na ndiyo maana sisi tukamwita Pamba. Lo! Nilipomwona moyo wangu ulihama. Tena nikuambie ukweli, maana uzee huu sina wa kumwonea haya: sikumtaka mbwa, nilitaka sifa. Nilitaka wapita njia waseme, mh, nyumba ya Mama Tatu ina mbwa wa kizungu.

Yule mama akanipa chanuo la chuma. Akaniambia mchane kila siku, mtembeze asubuhi na jioni, jua kali asikae nje. Nikawa naitikia ndiyo, ndiyo, kama abiria anavyoitikia maneno ya kondakta. Mwishoni akaniuliza, "Mchana atakuwa na nani?"

Nikamjibu bila kupepesa macho, "Na sisi wote."

Mwanangu, cha wote si cha mtu. Lakini nilisema vile, akaniamini, akanikabidhi kamba huku analia.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Tatu alimchana mpaka akang'aa, watoto wa jirani wakajazana mlangoni. Wiki ya pili chanuo likabaki dirishani. Kisha masika yakaanza. Unalijua tope la Kilosa mto Mkondoa ukijaa, halitoki hata kwenye kandambili, sembuse kwenye manyoya yale? Juu ya tope vikaja vishona nguo, zile mbegu za kunasa, juu ya vishona nguo wakaja kupe. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Uzuri ule wote niliouona siku ya kwanza ulikuwa mkono wa mtu, kila siku, saa nzima, na mimi saa hiyo sikuwa nayo.

Akawa ananifuata stesheni. Nani angekula chapati zangu huku mbwa analowanisha benchi? Wateja wangu wengi walikuwa Waislamu, na hata wasingekuwa, mbwa na chakula wapi na wapi. Ndipo nikamfunga kwenye mpapai. Nikimwekea maji asubuhi, nafunga geti, naondoka. Jirani yangu akaniambia mara mbili kwamba mbwa analia mchana kutwa. Nikasema atazoea. Hivyo ndivyo nilivyosema, Mungu anisamehe, nami nilikuwa mtu wa kwenda kanisani.

Sasa maziwa ya chai yangu yalikuwa yakiletwa na mama mmoja wa kifugaji kutoka tambarare za huko nje ya mji. Jina lake silijui mpaka leo; sote tulimwita Yeyo, yaani mama kwa lugha ya kwao. Alikuwa mwembamba, mrefu, mchache wa maneno. Alipita kila alfajiri nyuma ya nyumba yangu, kwa hiyo alikuwa anamsikia Pamba kabla hajaniona mimi.

Asubuhi ya siku ninayokwambia kulikuwa na ukungu, milima yote imepotea, na Yeyo akatokea kwenye ule ukungu kama mtu anayetoka usingizini. Nikamwamkia, "Shikamoo, Yeyo." Akaitikia, "Marahaba." Akamimina maziwa. Halafu hakuondoka.

"Mama Tatu, mbwa wako anaishi na nani?"

"Anaishi na sisi, Yeyo."

Akanitazama. "Leo nimemaliza kuuza. Nitakwenda kukaa naye."

Nikacheka. Nikamwambia akae tu, geti lina komeo la kamba, asinitafutie maneno. Treni ilikuwa imeshapiga honi, abiria wanaanza kushuka, nikamsahau palepale. Nakwambia nilimsahau kabisa! Nilipika, nilihudumia, nilisonga ugali wa mchana, nilicheka na wateja, na wakati wote huo mwanamke mzima aliyenizidi umri alikuwa ameketi chini uani kwangu.

Tuliporudi na Tatu jua lilikuwa limeegemea milima na uani kote kumekuwa rangi ya chai. Yeyo alikuwa palepale, miguu ameinyoosha. Shuka lake amelitundika kwenye mpapai kumfanyia Pamba kivuli, na kichwa cha Pamba kiko pajani pake. Kamba ilikuwa imejizungusha mtini mpaka imebaki fupi kama mkono wangu huu. Bakuli la maji lilikuwa limepinduka, na udongo chini yake umekauka kitambo.

Nikaanza vicheko vyangu vya aibu. "Yeyo! Kumbe kweli umekaa!"

Hakucheka. Akasema taratibu, wala hakukasirika, "Nimekaa kwako tangu asubuhi. Hakuna aliyeniuliza kama nina kiu."

Mwanangu, nimetukanwa na walevi wa treni, nimefokewa na mama mkwe, lakini sijawahi kupigwa na neno kama lile. Mgeni uani kwangu, mtu mzima, kutwa nzima, bila tone la maji! Nikatupa kapu, nikakimbilia ndani kwenye mtungi. Nilipomletea kikombe akakisogeza kwa Pamba.

"Mpe yeye. Maziwa niliyobakiza kwenye kibuyu nilimpa mchana, yameisha. Mimi nina miguu, ningeweza kwenda kuomba kwa jirani. Huyu angeomba kwa nani?"

Kisha akaniambia nilete mkasi. Akakata manyoya yaliyogandamana mgongoni, na chini yake kulikuwa na kidonda, na ndani ya kidonda funza. Tatu akakimbilia nyuma ya nyumba kutapika. Mimi nikakaa chini kwenye udongo nikalia kama mtoto. Yeyo alisafisha kwa maji ya chumvi, Pamba anatetemeka lakini hamng'ati.

"Akikaa hapa tena siku chache," akasema, "utamzika. Wahenga wenu hawasemi mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Wewe umempa kamba. Kwangu watu hawakosekani uani. Nipe nikamponye."

Sikubisha. Nilifungua kamba mwenyewe. Wakaanza kuondoka, yeye mbele, Pamba nyuma anayumba, nusu manyoya nusu ngozi, hata sifa niliyoitafuta ingejificha kwa haya. Walipofika kwenye kona Pamba akasimama akanigeukia. Yeyo naye akasimama, hakumwita, hakumvuta. Alikuwa ananisubiri mimi. Nikajikaza nikasema, "Nenda, Pamba. Nenda, baba." Akageuka, akamfuata.

Alipona. Nilikwenda kumwona mvua zilipokatika, nikamkuta amelala kivulini karibu na zizi la ndama, manyoya yamenyolewa mafupi, bibi mmoja anashona shanga pembeni yake, watoto wanamruka wakicheza. Akaja, akaninusa mkono, akautikisa mkia mara mbili, akarudi kulala. Nilifurahi na niliumia, yote pamoja.

Miaka ikapita. Mama mkwe wangu, yule wa kunifokea, akaja kuishi kwetu, akawa anashinda uani kutwa anachambua mchele na kugombana na kuku. Ndipo nikarudi kwa Yeyo kuomba mbwa. Safari hii hakukaa uani kwangu. Aliniuliza tu mchana nyumbani yuko nani, nikamtajia. Akanipa jike la kienyeji, rangi ya udongo, manyoya mafupi, limeshakomaa, lililozoea watu na kuku. Halikuwa na sura ya kupigiwa picha. Liliishi nasi mpaka Tatu akaolewa.

Sasa nisikilize vizuri. Usichague mbwa kwa sura, chagua kwa siku yako. Hakuna mbwa asiye na kazi. Yupo mwenye kazi unayoiweza na mwenye kazi itakayokushinda. Kwa joto letu hili na zamu zako hizo, tafuta mwenye manyoya mafupi, wa hapa hapa, mpole, uwe umemwona mama yake alivyo. Mkubwa kidogo ni bora kuliko mtoto, maana mtoto wa mbwa ni mtoto, anataka mtu. Mpeleke akachanjwe kichaa cha mbwa, muulize bwana mifugo dawa ya kupe, na mjengee kibanda penye kivuli. Mwambie jirani mapema, usimletee kelele bila hodi. Na mtaje mtu mmoja, kwa jina lake, ambaye mbwa ni wake. Usiseme "sisi wote." Nilishasema mimi, yametosha.

Lakini kabla ya hayo yote, chukua siku moja ambayo huna zamu, watoto wako shule na mumeo yuko safari. Zima simu. Keti pale uani unapotaka kumweka, tangu asubuhi mpaka jioni, uone ni nani anayekuja. Ukiona siku inapitika, njoo tutafute mbwa pamoja, nitakusindikiza mpaka kijijini Zombo kwa bodaboda na magoti yangu haya. Ukiona haipitiki, usione haya kusubiri. Nyani watilie komeo la chuma mlango wa jiko, na woga wa usiku nitakuja kulala nawe mimi. Afadhali uniite mimi kila wiki kuliko kumfunga kiumbe cha Mungu akulindie nyumba ambayo wewe mwenyewe hukai.

Haya, nyanyuka, zamu haingoji. Mungu akulinde barabarani, akurudishie mumeo salama, akujazie watu nyumbani mpaka ulalamike kwa kelele zao. Na kiumbe chochote kitakachowekwa chini ya mkono wako, mwanangu, kife kwa uzee tu.