Nilivyowasha Secure Boot kwenye desktop ya zamani ili nisipotezane na mdogo wangu

Wakuu, habari za weekend.

Uzi huu ni wa kompyuta, ila una ndugu ndani yake. Sijaongeza chumvi. Mkiona nimekosea kitaalamu, nirekebisheni.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanamke, mwalimu, naishi Soweto hapa Moshi na mume na watoto. Na nacheza game la kurushiana risasi online. Ndiyo, mama mzima na headphone kichwani. Tuendelee.

Nacheza na mdogo wangu wa kiume, Elibariki, yuko Mtwara kikazi. Ndiye aliyenifundisha. Kila Jumamosi mchana tunaingia kikosi kimoja.

Mwaka jana tukagombana. Wachagga wenzangu mtaelewa nikitaja neno moja tu: kihamba.

Kwa wengine, hilo ni shamba la familia, kahawa na migomba, nyumba imo humo humo. La kwetu liko Machame. Eli ndiye mtoto wa mwisho wa kiume, kwa hiyo kimila ndiye mrithi. Akataka kung'oa kahawa yote apande parachichi, na mzee, baba yetu, bado yupo hai. Nikapinga mbele ya ukoo.

Akaniambia, "Dada, wewe umeolewa. Ya kihamba hayakuhusu."

Kahawa ile nimeichuma mimi, yeye akiwa mgongoni kwa mama. Nilinyanyuka nikaondoka.

Tukanuniana. Nikipiga hapokei, message hajibu, mwisho nikaacha. Lakini Jumamosi ikifika, wote tumo kwenye game. Hakuna salamu.

"Kushoto kwako."

"Nifunike, naweka risasi."

Basi. Kwa miezi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na sikutaka kuyapoteza.

Sasa game ikaja na update. Nafungua, naambiwa: Secure Boot haijawashwa, huingii.

Kwa wasiojua, Secure Boot ni ulinzi unaofanya kazi kabla Windows haijaamka. Unakagua kwamba kinachoiwasha mashine ni kitu halali. Waliotengeneza game wanautaka ili kuzuia wanaocheza kwa program za kudanganya.

Mume wangu akasema, "Si umpigie tu umweleze?"

"Hapokei. Na akipokea tutaongea kihamba."

Nikaipeleka mashine kwa fundi mmoja mjini. Desktop yangu ni ya kuungaunga. Akaiangalia, akasema, "Madam, hii ya kizamani. Iache hivyo hivyo, au tupige Windows upya, tufute kila kitu."

Nikabeba CPU yangu nikarudi nayo nyumbani. Nilishaamua itakubali, na hakuna kitakachofutwa.

Nikaingia BIOS mwenyewe, ile menu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows. Secure Boot ipo, lakini haibonyezeki. Nikasoma, nikaona lazima kwanza nizime CSM, ule mfumo wa zamani wa kuwashia. Nikauzima, save, restart.

Screen ikaniambia hakuna disk ya kuwashia.

Wakuu! Picha za watoto, mitihani ya wanafunzi, vyote vimo humo. Nikarudi BIOS, nikaiwasha CSM kama ilivyokuwa. Windows ikaamka. Nikakaa chini kwanza.

Kosa lilikuwa langu. Disk yangu ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa zamani, MBR, na mfumo mpya unataka GPT. Windows ina command inaitwa mbr2gpt, inageuza bila kufuta. Ila umeme ukikatika katikati, unaweza kulia. Na umeme wa mtaani kwetu wiki ile ulikuwa unaondoka bila kuaga.

Nikahamishia vyangu vyote kwenye disk ya nje, external. Kisha nikamkumbuka rafiki yangu Mama Nancy. Ana saluni mtaa wa Njoro, ameweka inverter na betri kubwa.

Mchana nikashuka kwenye bajaji na CPU na screen. Wateja wote wakageuka.

"Mwalimu," Mama Nancy akasema, "leo umekuja kusuka au kusukiwa kompyuta?"

"Nipe soketi, na dryer zizime kidogo. Nikimaliza nitakueleza."

Akazizima. Dada mmoja aliyekuwa nusu kichwa amesukwa akavuta kiti aangalie.

Nikaendesha validate kwanza, inayokagua tu kama disk itageuka, ikapita. Nikaandika convert. Enter.

Ikiwa inaendelea, feni ya duka la jirani ikasimama. Umeme umeondoka! Saluni kwetu taa ziko palepale. Tukaikodolea screen mpaka ilipoandika kwamba imefanikiwa.

Restart. BIOS. CSM off, Secure Boot on. Windows ikaamka vizuri. Nikafungua msinfo32, ukurasa wa Windows wa taarifa za mashine, kuhakiki.

Secure Boot State: Off.

"Bado?" akauliza yule dada.

"Bado. Lakini leo haiondoki hapa ikiwa off."

Nikarudi BIOS, nikasoma kila mstari. Chini kabisa nikakuta sehemu ya kurudisha keys za kiwandani, yaani saini za kutambua kilicho halali. Bila hizo, Secure Boot ni mlinzi getini asiyejua nani mwenyeji. Nikazirudisha, save.

On. Nilipiga kelele, saluni nzima ikapiga makofi.

Jumamosi nikaingia, baada ya kukosa mbili. Eli alikuwepo, peke yake.

Akasema, "Ulikuwa wapi?"

"Mashine ilikataa. Mambo ya Secure Boot."

"Nikajua umeniacha moja kwa moja."

"Si ungepiga simu."

"Niliogopa hutapokea, dada."

Mechi ikaanza. Akauliza ule mguu unaomsumbua mzee unaendeleaje, nikamwambia. Kisha akasema, "Lile neno la kwamba umeolewa. Halikuwa neno la kukuambia."

Nikasema, "Krismasi panda nyumbani. Tukae na mzee, hata hayo maparachichi tuyaongee."

Wakatuua wote wawili hapo hapo. Tulikuwa tumesimama peupe, hakuna anayepiga risasi. Eli akacheka, na mimi nikacheka huku nafuta machozi.

Kahawa bado hatujaafikiana. Lakini simu sasa anapokea.

Nilichojifunza: hamisha vitu vyako kwanza, geuza disk kabla ya kugusa CSM, uwe na umeme wa uhakika, na ukikuta bado off, angalia keys. Na kama wewe na ndugu yako mmebakiwa na upenyo mmoja tu wa kuongea, usikubali uzibe kwa sababu fundi amesema mashine ni ya kizamani.

Waliokwama kwenye BIOS zao, wekeni picha tuone. Na kama kuna aliyefanikiwa kupanda kahawa na parachichi kihamba kimoja bila ugomvi, naomba maelekezo kabla ya Krismasi.