Mzizi, Kuku na Siku Arobaini

Nakumbuka siku moja, mwaka ule tuliokula ming'oko, vile viazi vya porini, mpaka watoto wakaiota, mahindi yote ya kijijini kwetu Kikole yamekauka, mdogo wangu Somoe alijifungua. Mtoto mzima, mama hoi. Hata kata ya maji alishikiwa.

Mjukuu wangu, nilikuwa kijana na kichwa kikubwa. Nikachimba mzizi huu huu mnaouita dawa ya nguvu, nikautwanga, nikamnywesha kwenye supu ya kuku. Arobaini ilipoisha, Somoe anatwanga mwenyewe. Nikatamba kisimani mpaka wenzangu wakaniita daktari, nami nikaitika.

Jirani yetu Hadija akasikia. Wiki nyingi alikuwa amechoka, akipanda kilima lazima akae njiani. Nikampa mzizi, nikamwambia zahanati ya nini. Hakuwa na kuku, wala mtu wa kumchotea maji. Alikuwa na imani kwangu tu. Siku ya kumi akaanguka shambani, wakambeba kwa kitanda hadi zahanati, wakaambiwa damu imemwishia. Alipona, alhamdulillahi, ila mimi nilikonda kuliko yeye.

Bibi yangu hakunigombeza. Alinikalisha mkekani, akanipaka mafuta kichwani kama mtoto mdogo, ndipo akauliza: "Somoe ulimpa mzizi. Kuku nani alimchinja? Maji nani alimchotea? Alilala siku ngapi? Sasa kilichomwinua ni kipi?"

Nikasema sijui.

"Basi hilo ndilo ungemwambia Hadija."

Mwajuma mjukuu wangu, umekuja kutoka Dar na chupa zako za mzizi huu, unataka nisimame mbele ya simu niseme dawa hii inatibu, eti mimi ndiye ushahidi. Najivunia bidii yako, tena sana. Lakini nimeona watu wakinywa wakainuka, na nimeona wakiinuka bila kunywa. Upeleke mzizi kwa wenye vipimo. Mtu akikuambia amechoka, muulize amekula nini, nani anamsaidia kazi, damu yake imepimwa lini. Usimzuie hospitali hata siku moja. Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi wa kweli, na anayekuamini asije akajuta.

Nilikuambia jana: "Sisemi inatibu, kwa sababu sijui." Leo umeniletea kanga, unanibembeleza: "Bibi, sema kidogo tu." Kanga nimeipokea, nzuri, imenipendeza.

Sisemi inatibu, kwa sababu sijui.