Mashine Iliyozitambua Hati za Uwongo

Kwa miaka miwili niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha shule ya jioni, kwamba mashine yetu ya fotokopi ilikuwa inazitambua hati za uwongo. Ukiipa kitambulisho, inatoa. Ukiipa cheti cha mtoto cha kuzaliwa, inatoa huku ikiimba. Lakini ukiipa hati ya zamani ya nyumba, inameza karatasi, inaikunja, inalia kama mbuzi aliyekabwa, kisha kimya. Karani aliyenitangulia pale dukani ndiye aliyenipa siri: mashine ilinunuliwa kuukuu kutoka ofisi ya wakili, na huko ilikuwa imenakili hati nyingi za kughushi mpaka ikazijua kwa harufu. Sikucheka hata kidogo. Mbwa wa polisi si hufundishwa? Basi kwa nini mashine ishindwe?

Kwa hesabu yangu, nusu ya Mji wa Kale ilikuwa imeibwa. Nilipopita vichochoro vya Kuze nikirudi nyumbani niliziangalia nyumba moja moja nikisema moyoni, hii ya halali, hii si ya halali, hii wallahi wana bahati hawajakamatwa. Na siri yenyewe sikuweza kuifungia. Niliwaambia wanywaji kahawa wa barazani mbele ya duka, na ukiwaambia wale umeiambia Mombasa nzima, kivuko na yote.

Asubuhi moja ya Jumatatu akaingia mama mmoja wa mtaani, mjane, ametoka eda juzijuzi. Alikuwa na karatasi moja ndefu ya manjano ndani ya mfuko wa nailoni, aliibeba kama mtu abebaye mayai.

"Sabalkheri, mwanangu."

"Aheri, mama. Karibu."

"Nitolee kopi tatu. Za urefu huuhuu, wakili hataki zilizopunguzwa." Kisha akashusha sauti. "Ni hiba. Marehemu alinipa nyumba angali hai, akaandika, mashahidi wakatia sahihi. Sasa shemeji yangu asema nimeiandika mwenyewe. Jumamosi twakaa kikao. Nisipowawekea kopi mbele yao, nahama."

Nikaiweka hati juu ya kioo kwa adabu zote. Nikabonyeza. Mbuzi akakabwa. Nikatoa kile kikaratasi kilichokunjika, nikabonyeza tena. Mbuzi. Mara ya tatu nilisoma bismillahi kwa sauti, mimi mtu wa Kaloleni niliyebatizwa. Mbuzi.

Kule barazani wakasikia.

"Leo imemnasa nani?"

"Mama, mashine hiyo haijui jirani hiyo! Haina haya!"

"Mpe kahawa kwanza, karani, huenda ikalegea!"

Yule mama alicheka nao mwanzoni. Kisha akaniangalia usoni, akaona mimi sicheki, naye akaacha. Akairudisha hati mfukoni akatoka bila kuaga. Mtu wa Kuze kuondoka bila kuaga, ndugu yangu, ni jambo zito kuliko matusi.

Kabla ya alasiri shemeji mtu alikuwa mlangoni, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Hakuingia.

"Nasikia mashine imeikataa."

"Imekwama tu, mzee."

"Kukwama na kukataa kuna tofauti gani?"

Akaenda zake ametulia kama mtu aliyeshinda kesi, na mimi nikabaki nimeshika bisibisi nisiyojua kuitumia.

Siku zile sikulala vizuri. Nilimtaka yule mama awe mkweli. Alinijua tangu nilipoanza kazi, Ramadhani haikupita bila kuniletea kaimati, nami si mfungaji. Basi nikakumbuka somo la mwalimu wetu wa shule ya jioni: tatizo likijirudia, usilipake rangi, chimba. Uliza kwa nini, ukijibiwa uliza tena. Nikafungua daftari. Kwa nini mashine imekwama? Kwa sababu karatasi imekunjika. Kwa nini imekunjika? Kwa sababu hati ni ya uwongo. Kwa nini ni ya uwongo? Hapo nikakwama mimi.

Jumatano nikamwita fundi kutoka Makupa. Akaifungua mashine matumbo yote nje, akapuliza vumbi la kutosha kujaza gunia, akabadilisha roli. Akajaribu kwa kitambulisho chake: kopi safi, unaweza kuhesabu nywele za ndevu. Akaondoka. Nusu saa baadaye hati nyingine ya zamani ikanyongwa.

Alhamisi tajiri wangu, mwenye duka, akachoka na maneno. Akaja na hati ya nyumba yake mwenyewe, ya babu yake. "Leo mtanyamaza nyote," akawaambia watu wa barazani. Akabonyeza mwenyewe.

Mbuzi.

"Tajiri, hama nyumba!" wakapiga kelele. "Hama kabla ya magharibi!"

Mwenye akili zake angesema, basi, uvumi umekufa. Mimi nilijiambia, kumbe hata tajiri.

Jumamosi saa tatu asubuhi mama akarudi, mfuko uleule mkononi.

"Mama, si ungekwenda duka jingine tu?"

"Nikienda kwingine watasema nimeikimbia mashine yako. Ushaniharibia, mwanangu. Nitolee."

Nikabonyeza, ikakwama. Na hapo nikatamka neno ambalo nikilikumbuka mpaka leo masikio yanachemka. Nilimwambia, "Mama, mashine haina sababu ya kusema uwongo."

Akaizunguka meza, akaja upande wangu, akaitazama ile karatasi iliyokunjika, kisha akainama nyuma ya mlango zilipokaa karatasi ndefu. Akachukua chache akaziweka shavuni, kama mtu anayepima leso kama imekauka.

"Hizi wazitumia kwa kazi gani?"

"Kwa hati za zamani tu, mama, maana ni ndefu. Vitambulisho na vyeti natumia hizi fupi za mezani."

"Na zimekaa hapa sakafuni tangu lini?"

"Nilizikuta."

Akaugusa ukuta kwa kiganja, akanionyesha kiganja chenyewe. Kilikuwa kinang'aa.

"Ukuta wa tumbawe huu, watoa jasho. Karatasi zako zimelowa, ndiyo maana zakwama. Hati yangu haina neno. Fungua rimu kavu unitolee kopi tatu, kikao ni baada ya adhuhuri."