Phelesia Ageuka Gunia Kwenye Treni ya Mkwe Wake

TRENI ILIPANDA! Ilipanda mlima wote, wasee, na kilichoipandisha si injini, ni makalio ya mama wa Suna, Migori! Haki ya Mungu. Lakini ngoja nianze mwanzo, juu hii stori ukiingilia katikati utadhani aliyeandika ameonja chang'aa.

Huyo mama anaitwa Phelesia. Miaka ya tisini alikuwa anapika mandazi kwa hoteli ya Abdisalam, pale Suna. Mama mkubwa, sauti kubwa, mkono mkubwa, akikanda unga hadi meza inalia. Alikuwa na binti mmoja tu, Helen, na Helen akaolewa na Mjapani. Eeh, Mjapani! Jina lake Shigeru. Alikuja Homa Bay kufundisha vijana kutengeneza injini za boti, akakaa miaka kadhaa, akajua Kiswahili hadi kile cha kubishania bei ya samaki. Akampenda Helen, wakafunga ndoa kwa DC, na hao wakaenda kwao Japani, juu kabisa kwa milima.

Huko Shigeru akapata kazi ya reli. Si ile reli kubwa ya serikali, hapana. Hii ni kareli ka kampuni ndogo ya watu wa huko huko. Behewa moja tu, inapanda ikipitia misitu na madaraja hadi kijiji cha mwisho. Watu wanatoka mjini na kamera kwa shingo, kuja tu kuangalia vile mlima unapendeza.

Basi mwaka wa tisini na saba simu ya Abdisalam ikalia.

"Mama Helen! Kuja haraka! Ni Japani!" akaita. Hoteli nzima ikaacha kutafuna.

"Mama," Helen akasema, "nakaribia kujifungua na naogopa. Mkunga hapa ni mzuri, lakini nikilia ananiinamia kichwa tu. Nataka mtu wa kunishika mkono aniambie pole na lugha yangu. Utakuja?"

"Nakuja," Phelesia akajibu, hata kabla ya kuuliza Japani iko upande gani. Wazazi wa Shigeru wakatuma tikiti ya ndege.

Jirani yake Bhoke, Mkuria wa kuuza ndizi hapo ng'ambo ya barabara, ndiye alimharibia furaha. "Sasa na mkwe utafanyaje?"

Hapo kuna maneno. Kwa Wajaluo mama mkwe anaitwa *maro*, na maro hachezewi. Hakai kiti kimoja na mume wa binti yake. Hali mbele yake. Hawagusani, hawaangaliani usoni. Kama kuna neno, linapitia kwa mtu mwingine. Wakuria nao ndio usiseme, Bhoke kwao hata kivuli cha mkwe alikuwa anaruka.

"Nitalala kwa dada yake, Kazuko," Phelesia akasema. "Kwa Helen nitaingia tu mkwe akienda kazi."

"Nyumba yao ikoje?"

"Helen anasema ukuta ni karatasi."

"Karatasi!" Bhoke akashika mdomo. "Phelesia, utamsikia mkwe akikoroma!"

Lakini neno ni neno. Phelesia akafunga begi: unga wa wimbi ya uji wa mzazi, samaki wa omena, leso mbili. Akaenda.

Kazuko akampokea uwanja wa ndege. Dada mwembamba kama ufagio, mpole, hajui Kiswahili hata ya kuomba maji. Wakalala njiani, asubuhi wakafika stesheni ya chini ya mlima. Barabara ya juu ilikuwa imeporomoka na mvua, kwa hivyo njia ni moja tu, kale katreni.

Hapo stesheni kuna mtu akamnong'oneza Kazuko kitu. Kazuko akageuka, macho yamemtoka. Akashika tumbo lake, akakunja uso kama mtu amekula ndimu, akaonyesha juu mlimani na kidole. Phelesia hakuhitaji mkalimani. Uchungu wa Helen umeanza!

Akanyakua begi, akakimbia kwa treni. Mlango ukafunguka. Na kwa kiti cha dreva, kofia kichwani, glavu nyeupe mkononi, ni nani?

"Wuololo!" Phelesia akaruka nyuma hadi akagonga benchi.

Shigeru! Mkwe mwenyewe!

Shigeru naye hakuwa mgeni wa hizi mambo, Homa Bay walimfundisha vizuri. Akavua kofia, akainama, macho chini. Kisha akageukia dada yake, akaanza kuongea naye Kiswahili.

"Kazuko, mwambie mama karibu sana Japani."

Kazuko akamwangalia kaka yake kama amepata malaria.

Phelesia akageukia mashine fulani ya kuuza soda. "Kazuko, muulize huyo dreva kama hakuna dreva mwingine."

"Kazuko, mwambie mama yule mwingine anaumwa na mgongo. Niko peke yangu."

"Kazuko, muulize treni ingine inakuja saa ngapi."

"Kazuko, mwambie mama ni jioni."

"Na hiyo ya jioni inaendeshwa na nani?"

Shigeru akaikunja kofia mkononi. "Kazuko... ni mimi."

Maskini Kazuko, kila akitajwa anainama. Anainamia huku, anainamia huku, kama kuku anadonoa.

Phelesia akafikiria Helen huko juu. Akavuta leso juu ya kichwa, akaingia na mlango wa nyuma, akaenda hadi kiti cha mwisho kabisa, akakaa akiangalia nyuma. Abiria wengine, wazee na kamera zao, wote wanaangalia mbele. Yeye peke yake anaangalia kule walikotoka.

Treni ikang'oka. Na hapo tu Shigeru akanyoosha mkono, akaonyesha taa ya reli na kidole, akapiga kelele ya nguvu! Phelesia akashtuka. Mbele kidogo, kelele tena, kidole tena. Kumbe ndiyo kazi yao, dreva wa Japani lazima aonyeshe kila ishara na aitaje kwa sauti, asije akalala. Lakini Phelesia angejuaje?

"Kazuko, anagombeza nani?" akauliza. "Mama mkwe yuko ndani ya gari na yeye anarusha vidole?"

Kazuko akampa pipi.

Na huko nyuma, jamani, si kulikuwa na maajabu! Mlima wote umegeuka mwekundu, majani ni kama mtu amemwaga magunia ya pilipili kavu. Daraja linapita chini, mto mweupe kwa mawe, halafu giza la handaki, halafu mwanga tena na mlima mwingine. Phelesia akasahau kidogo kuwa amekasirika. "Mbuga ya Ruma kule kwetu ni nzuri," akajiambia, "lakini hapa Mungu alikuwa na muda."

Kisha treni ikaanza kulia. Iiiiii! Magurudumu yanazunguka lakini haiendi. Majani yaliyoanguka yamelowa juu ya reli, utelezi kama omena mbichi. Shigeru akamwaga mchanga kwa reli ili magurudumu yashike. Wapi! Treni ikateleza, ikarudi nyuma kidogo, ikasimama.

Shigeru akawaambia abiria kitu kwa Kijapani. Wote wakainuka wakasogea mbele. Magurudumu ya kuvuta yako mbele, yanataka uzito yashike reli. Wazee wakaenda, Kazuko akaenda, lakini hao wote wakiwekwa pamoja hawafiki debe mbili. Iiiiii. Ikateleza tena.

Polepole vichwa vyote vikageuka nyuma, kwa Phelesia.

Shigeru akakohoa. "Kazuko," akasema, jasho linamtoka, "mwambie mama, kwa heshima kubwa sana, ya kwamba mama... mama amebarikiwa mwili."

"Kazuko, mwambie dreva aseme tu mimi ni mnene."

"Kazuko, siwezi! Ni maro wangu!"

"Na mimi siwezi kukaa hapo! Nitakaa aje mgongoni kwa mkwe? Nikirudi Suna nitamwambia nini Bhoke?"

"Kazuko, mwambie mama, Helen yuko juu. Amekuwa akimuulizia tangu usiku."

Hiyo ikamchoma. Akaona mtoto wake amelala huko, analia, na mtu anamwinamia kichwa. Alikuja kutoka Migori hadi huku, amebakisha kipande cha mlima tu.

Akasimama. Akang'oa lebo ya mizigo ya ndege iliyobaki kwa begi, akaifunga kwa shingo yake mwenyewe.

"Msikie nyote!" akasema kwa sauti ya hoteli. "Saa hii mimi si maro. Maro amebaki nyuma pale kwa kiti. Mimi ni gunia ya mahindi. Na gunia haina mkwe!"

Akajifunika leso hadi kifuani na akaanza kutembea kinyumenyume. Akakanyaga mzee mmoja. Akaangusha kofia ya mwingine. "Pisheni mzigo! Mzigo unapita!" Akafika mbele, bado amempa dreva mgongo, akakaa chini sakafuni, tii! Begi la wimbi akalipakata mapajani.

"Kazuko, mwambie dreva gunia imefika. Aendeshe!"

Shigeru akaachilia breki. Magurudumu yakalia... yakauma... yakashika! Treni ikapanda! Wazee wakapiga makofi, mmoja akapiga picha ya gunia. Shigeru kwa furaha akasahau, akanyoosha kidole kwa ishara akapiga kelele, na gunia ikajibu kutoka ndani ya leso, "Eeh, songa!"

Stesheni ya juu, mlango wa kutokea ni ule ulio karibu na dreva. Lakini Shigeru alikuwa ameshafikiria. Akatoka kwanza, akasimama mbali, akaupa mti mmoja uso wake, akauinamia hadi kofia ikakaribia goti. Phelesia akapita bila kumwona uso.

"Heshima iko," akasema, na akakimbia.

Chumba cha mkunga kilikuwa hapo karibu. Helen aliposikia ule mwendo kwenye mbao, akajua.

"Mama!"

"Niko hapa, nyathina, mtoto wangu. Pole. Pole sana mama." Akashika mkono. Helen akaubana hadi vidole vya Phelesia vikafa ganzi, na Phelesia akaviacha vife. Mkunga akainama, safari hii Phelesia naye akamwinamia.

Uchungu ulipomwachilia kidogo, Helen akahema. "Mama, umekujaje na barabara imefungwa?"

"Kwa treni."

"Imeendeshwa na nani?"

"Mimi nitajuaje?" Phelesia akasema, akimpangusa jasho. "Sikumwangalia. Sukuma."

Helen akacheka, akalia, akasukuma, na mtoto akatoka akipiga kelele kuliko treni. Msichana! Mzima!

Basi kama imekuchekesha, tafadhali mtumie mwenzako naye asome.