Jeki Ambayo Mteja Haioni

Ikupa aliipenda kazi ya mumewe, ila jeki yake hakuipenda hata kidogo. Spana alizipenda. Kila Jumamosi alasiri Asukile alipofunga kazi, Ikupa ndiye aliyezifuta moja moja kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na kuzipanga kwenye sanduku, kuanzia ndogo mpaka kubwa. Zilikuwa spana za Kiingereza, nzito, zinazokaa kwenye nati zikatulia. Asukile alizinunua Iringa mwaka 1954, baada ya kufanya kazi miaka minne kwenye gereji ya Mgiriki mmoja, chini ya fundi wa Kihehe aitwaye Liberatus. Liberatus huyo alisoma Tosamaganga na alikuwa mkali kama pilipili. Akimwona mtu na spana ya rahisi aliitupa nje ya geti.

"Itakula nati za watu!" alifoka. "Nunua nzuri, hata kama utakula ugali na chumvi mwaka mzima."

Asukile akanunua nzuri, na ugali wa chumvi kweli waliula. Ikupa alikuwa bibi harusi wa juzi tu wakati huo, wala hakulalamika. Aliona jinsi mumewe alivyokuwa akilibeba lile sanduku, akajua ameolewa na mtu wa kazi.

Sasa jeki. Hapo ndipo bwana huyu alipojidanganya, na wacha tuseme wazi, maana waliomjua wanapenda kulifunika. Aliporudi Mbeya kufungua kazi yake mwenyewe, kando ya barabara iendayo Tukuyu, mfuko ulikuwa mtupu, akaokota jeki ya meno kwa mchuuzi sokoni. Chuma gani kile! Ukiipandisha, kichuma chake cha kuzuia kinashika jino moja, kinalia ka, kisha jino la pili, ka. Baada ya mwaka mmoja meno yalikuwa yamelika, Asukile akayachonga upya kwa tupa.

"Nunua nyingine, Baba Tusa," Ikupa alimwambia. Mtoto wao wa kwanza alikuwa Tusajigwe.

"Nitanunua. Lakini mteja haioni jeki, Mama Tusa. Mteja anaona spana. Nikilifungua lile sanduku, hata dereva wa Bwana Shauri wa wilaya anajua amefika kwa fundi."

Utamwambia nini mwanamume aliyekwisha kujishawishi hivyo? Siku moja jeki ikaachia, pikapu ikadondoka puu, vumbi likatimka. Chini hapakuwa na mtu. Asukile akacheka, na mwenye gari naye akacheka. Ikupa hakucheka. Usiku ule hakula vizuri, na kesho yake asubuhi akasema neno alilolifikiria sana: "Uza spana nne kubwa, ununue jeki ya maana."

Asukile akamtazama kana kwamba ameambiwa auze mtoto. "Zikipungua nne si seti tena."

"Na wewe ukipungua?"

"Naweka gogo, mke wangu. Gogo la mkaratusi haliachii."

Na ni kweli, tusimwonee. Gari likishapanda alisukuma gogo chini ya ekseli ndipo akaingia. Lakini tangu hapo sikio la Ikupa lilikaa kwenye jeki ile. Hata akiwa anatwanga, akisikia ka isiyo na mtu kwenye mpini, mchi ulisimama juu.

Mwaka 1959 baba yake Asukile akahamia kwao kutoka Rungwe. Mzee Andendekisye alikuwa amefiwa na mkewe, na kukaa peke yake kulimshinda. Ujanani alichimba dhahabu kule Lupa, akazoea mashine, na mikono yake haikujua kutulia. Alisugua kutu, alinyoosha misumari, alimfundisha mwanawe namna ya kupoza chuma.

Ila Ikupa alikuwa hajamwona uso. Kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hasemi naye, jina lake halitamki, na akimwona njiani anatoka njia na kujificha majanini. Naye mkwe vilevile humkwepa. Mchungaji alikwisha kusema kanisani kwamba mambo hayo yamepita, na wapo walioyaacha. Lakini Ikupa alilelewa na bibi yake, na ya bibi hayatoki kwa mahubiri. Basi Asukile akajenga ua wa matete katikati ya uwanja. Upande huu jiko na Ikupa, upande ule magari na mzee. Chakula alikipeleka Tusajigwe, akitembea polepole na bakuli, ulimi nje.

Shida ilikuwa maji, maana bomba lilikuwa ng'ambo, na njia ilipita katikati ya magari. Wakapatana kupitia kwa Asukile: Ikupa akitaka kupita atagonga debe lake. Mzee akisikia, atajificha mpaka nyayo zake zipotee. Na mzee hakukosa hata mara moja. Debe likilia, aliacha alichoshika na kuingia nyuma ya lori au kugeukia ukutani. Mara nyingine Ikupa alikuta kuni zimepasuliwa na kuegeshwa kwenye ua, mara nyingine bua la muwa. Alimpenda mzee yule. Alikuwa anajua kikohozi chake na miguu yake yenye magaga iliyoonekana chini ya matete, na hiyo ilimtosha.

Kisha likaja lori la Edmund, mtu wa Igowole, kule Mufindi, aliyekuwa akileta mahindi Mbeya. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika. Asukile akalipandisha, akavua tairi, akasukuma gogo kama kawaida. Kumbe gogo limekaa palepale inapotakiwa kushukia boliti ya springi. Akalitoa ili aing'oe boliti, ikakatikia mkononi. Spana nzuri haina kosa, boliti ilikuwa imeoza. Ikabidi aende dukani kwa Mhindi kutafuta nyingine, na gogo akaliacha pembeni. Edmund alikuwa amekwenda kula. Tusajigwe akalilia baiskeli, baba yake akampakia mbele.

"Baba, usiingie humo mpaka nirudi," Asukile alisema.

"Nimekusikia," mzee akajibu.

Kusikia alisikia. Lakini springi ilikuwa imejaa tope la Mufindi, na mikono ile hatukusema haikujua kutulia? Baiskeli ilipopotea tu, akachukua kisu na kitambaa, akaingia chini ya lori akwangue.

Ikupa alikuwa anapepeta mchele. Akasikia ka.

Akaweka ungo chini, akachungulia kwenye matete. Kwenye mpini hapakuwa na mtu. Chini ya lori ilitoka miguu miwili, yale magaga anayoyajua, na kisu kilisikika kikikwangua. Ka, tena. Ekseli ikashuka kidogo. Jamani! Akafungua mdomo amwite, na mdomo ukabaki wazi. Jina lile hakuwahi kulitamka hata akiwa peke yake. "Baba" hakuwahi kumwita. Akatazama barabarani, kule na huku, apate mtu yeyote wa kumpigia kelele kwa niaba yake. Ilikuwa saa sita mchana, na barabara ilikuwa tupu.

Akashika debe. Akaligonga kwa ngumi, akaligonga kwa nguvu zake zote, haraka haraka, pa pa pa pa, atoke, atoke, atoke.

Kisu kikanyamaza. Mzee alisikia. Alisikia kwamba mkwe wake anataka kupita, tena leo ana haraka, na miguu yake mwenyewe imezagaa njiani mwa mtoto wa watu. Akaivuta. Aliikunja taratibu, mmoja, kisha wa pili, akajisogeza mpaka katikati ya lori asionekane kabisa, akatulia amngoje apite.

Jeki ikaachia.

Ikupa alipita kwenye ua bila kutafuta mlango, matete yakamchana mikono. Alizunguka upande wa pili akamkuta, ekseli juu ya kifua, kichwa nje. Akapiga magoti. "Baba!" akaita, na sasa neno lilitoka lenyewe, likatoka mara nyingi. "Baba! Baba!" Akalishika lori kwa mikono miwili alinyanyue, lori la tani tano. Mzee alifumbua macho. Akaona ni nani aliyeinama juu yake. Mkono mmoja ulikuwa huru, akauinua kwa shida na kujifunika uso. Ukakaa pale mpaka ulipoanguka wenyewe.

Walimzika Rungwe, kwenye migomba yake. Watu walilia na kucheza ngoma ya msiba, na Asukile alimwambia kila aliyekuja kumpa pole kwamba ni yeye aliyemuua baba yake kwa jeki ya takataka. Alisema hivyo siku kumi. Ikupa alikuwa anamsikia, na kila alipomsikia alijiona mwizi, kwa kumwachia mwenzake mzigo wote peke yake.

Siku ya kumi na moja, wakiwa wamerudi Mbeya, wamekaa jikoni na chakula kimepoa, akamweleza. Alieleza yote, debe na miguu na ule mkono. Asukile hakufoka.

"Ungemwita tu," alisema. "Mke wangu, ungemwita tu."

"Ningemwita nani?"

Asukile alikuwa Mnyakyusa yeye pia. Akaishika mikono ya mkewe iliyochanwa na matete.