Mkono wa Kwanza wa Nzula

Taranjit aliacha gari lake karibu na raundabauti ya Globe, akashuka kwa miguu kuelekea mtoni. Miaka yote alikuwa akipita hapo juu kwenda kazini mjini, madirisha yamefungwa, na mtaa wa mafundi wa Kirinyaga Road aliujua kama moshi tu unaopanda kutoka bondeni. Baba yake, Harbans Singh, aliunda mabodi ya malori huko chini karibu maisha yake yote, wala hakumruhusu bintiye kukanyaga. "Huko ni grisi na matusi," alikuwa akisema. Sasa mzee hatoki kitini bila kushikwa mkono, na ni yeye aliyemtuma.

"Nenda ukamwone Nzula," alimwambia asubuhi hiyo. "Wanaenda kuufuta mto wangu."

Ilikuwa mwisho wa Januari, mwaka 2004. Serikali ilikuwa imeamuru kwamba kufikia tarehe mosi Februari kila matatu ivuliwe picha na maandishi yake, kisha ivishwe mshipi wa manjano. Mto wa Harbans ulikuwa kwenye ubavu wa matatu moja ya Kangemi. Nzula ndiye aliyeuchora, kwa kufuata masimulizi ya mzee jinsi Mto Nairobi ulivyokuwa enzi za ujana wake: maji ya buluu, mafunjo, kambale wakionekana hadi chini, korongo kasimama kwa mguu mmoja. Tangu miguu ilipomwisha nguvu, mzee alikuwa akiketi dirishani kwake Westlands, akiitazama foleni ya Waiyaki Way. Matatu ile ikipita husema, "Mto umepita," kisha hunywa chai yake. Taranjit alikuwa mfamasia. Aliwajua wazee wengi wanaoishi kwa vidonge, na alijua kwamba baba yake aliishi kwa maneno hayo mawili. Alikuja kuuokoa mto, ingawa hakujua kwa njia gani.

Mtaa ulimpokea kwa nyundo. Upande mmoja yalikuwa maduka ya spea, mengine yakiwa na wenye vilemba nyuma ya kaunta. Upande wa pili, vibanda vya mabati vilivyoupa mto mgongo, na katikati magari yaliyopasuliwa matumbo. Mto wenyewe ulipita huko nyuma, mweusi, mzito, na ngozi ya mafuta juu yake ikimetameta. Hata hivyo, ukingoni pale watu walikuwa wakiumba. Mmoja alinyoosha bati lililokunjamana kama karatasi, akilipapasa kwa kiganja kabla ya kila pigo, kama mkunga apapasavyo tumbo. Mwingine alikuwa amekalia ubao wa nyuma wa lori, akiuchonga maua kwa tindo, maua ambayo yangekwenda kupigwa na vumbi la barabara ya Malaba bila mtu kuyasifu. Taranjit alisahau alikokuwa akienda. Alisimama katikati ya njia mpaka mwenye mkokoteni akampigia kelele.

"Mama, songa! Hapa si maduka ya Sarit!"

"Namtafuta Nzula."

"Ako kwa hiyo gari ya Kangemi," alijibu mchomeleaji mmoja, akiinua miwani yake myeusi. "Lakini jichunge. Leo ameamka na mguu mbaya."

Nzula alikuwa ameketi juu ya debe la rangi, kikombe cha chai mkononi, akiikodolea macho ile matatu kama mtu anayemngoja mgonjwa. Alikuwa amevuka hamsini. Rangi ilikuwa imemganda kuchani miaka mingi, ikawa sehemu ya mwili wake.

Zamani, mtoni hapo alikuja na sufuria. Alitoka Mwala akiwa mjane kijana, akawapikia mafundi githeri ya mahindi na maharagwe, na siku moja akaandika majina ya vyakula vyake kwenye kipande cha bati, kwa rangi iliyobaki katika kopo la mtu. Herufi zilisimama wima, zenye kiburi, hata walaji wakakawia kuzitazama. Harbans alizitazama, akala, akarudi na ubao wa lori. "Andika hapa," alimwambia. Wanaume walicheka: mpishi anaandika lori! Alipomaliza, kicheko kilikuwa kimeisha, na kuanzia wiki hiyo mafundi walitafuta githeri kwingine. Malori mangapi yalipanda mpaka Mandera yakiwa na mkono wake, hata yeye hajui.

"Wewe ni wa Harbans," alisema kabla Taranjit hajafungua kinywa. "Hiyo pua si ya kukopa. Mzee yuko aje?"

"Yuko, mama. Amenituma niuone."

"Basi uone. Uko hapo."

Taranjit alikaribia. Kutoka dirishani kwao ilikuwa buluu inayopita tu. Sasa aliona kwamba kila kambale alikuwa na uso wake, mmoja mchoyo, mmoja mwenye usingizi. Na kwamba chini ya mafunjo, majini, kulikuwa na kivuli cha mtu mwenye kilemba, kabana misumari midomoni, akigongomea ubao. Kilikuwa kidogo kama kidole. Baba yake hangeweza kamwe kukiona kutoka Westlands.

Mwenye matatu, Macharia, alikuwa amesimama kando akizungusha ufunguo. "Mathe, nakuomba," alimwambia Nzula. "Hiyo siku ikifika na hizi samaki ziko kwa gari, polisi wananilaza ndani."

"Si mnaweza kukata huu ubavu?" Taranjit aliuliza. "Niuchukue nyumbani, nikununulie bati lingine?"

"Nikate ubavu, madam? Gari ikunjike katikati kama chapati?"

Mafundi waliokuwa karibu waliangua kicheko. Taranjit hakucheka. Alimgeukia Nzula, akasema haraka kabla moyo haujamtoka: "Basi wewe kataa. Usiiguse. Tafadhali, mama."

Kicheko kilikatika. Nyundo ya karibu ilinyamaza, kisha ya pili. Taranjit alitazama nyuso zile, asijue alichovunja.

"Unajua umesema nini?" Macharia aliuliza kwa upole uliomwogofya zaidi. "Hapa mtoni, picha haifutwi mpaka aliyeichora aweke mkono wa kwanza. Yeye akikataa, hakuna fundi ataguza hii gari. Itaozea hapa. Na ndiyo inalisha watoto wangu."

Nzula aliweka kikombe chini. "Nimekaa hapa tangu asubuhi nikitafuta mtu wa kuniambia nikatae," alisema. "Sasa amekuja, na ni wa Harbans. Mpigie mzee."

Taranjit alipiga, akampa simu. Nzula aliishika kwa vidole viwili.

"Mzee, ni mimi. Niko mbele ya mto wetu. Niseme hapana?"

Kisha sauti ya Harbans ikaja kwa nguvu, sauti ya mtu aliyezibwa masikio na nyundo za miaka, hata wote wakaisikia.

"Hiyo gari ulipaka vanishi?"

"Mara mbili."

"Basi piga msasa kwanza! Manjano haishiki juu ya vanishi. Itabambuka kama ngozi ya nyoka, halafu watasema hiyo ndiyo kazi ya mtaa wetu!"

Nzula alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati. "Mzee, kwani husikitiki?"

"Nasikitika. Piga msasa." Kisha, taratibu kidogo: "Usikate simu."

Nzula aliiweka simu kwenye dirisha la matatu. Alichovya msasa katika maji, akatafuta pa kuanzia, akausogeza mkono hadi kwenye kile kivuli chenye kilemba. Hapo ndipo alipoweka mkono wa kwanza. Maji ya buluu yalimtiririka hadi kwenye kiwiko. Mchongaji aliacha tindo yake, mchomeleaji akavua miwani, kila mmoja akachukua kipande cha msasa bila kuitwa.

Taranjit alikuwa bado amesimama. Nzula alimtupia kipande.

"Usiniangalie hivyo. Kambale ni wako. Zungusha, usisugue kama sufuria."

Taranjit alikunja mkono wa blauzi, akaipandisha bangili yake ya chuma, akaweka kiganja juu ya yule samaki mwenye usingizi. Alisugua kwa hasira, kisha kwa machozi, kwa kasi, akitaka kumaliza.

"Huyo mwenye haraka ni nani?" sauti iliuliza kutoka dirishani.

"Ni mimi, Papaji."

"Polepole," mzee alimwambia kwa Kipunjabi. "Bati ni jembamba hapo. Polepole, mwanangu."

Akapunguza mwendo.