Miguu ya Onesimo Yamshinda Mchongaji wa Mikocheni

Saa mbili asubuhi, Mikocheni. Kasimiri Nnimbo amekaa chini kwenye kibanda chake cha makuti, gogo la mpingo amelibana kwa nyayo zake mbili, tezo mkononi. Hapigi. Analitazama tu, kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

"Leo siku ya nne," anasema. "Kichwa tayari, mikono tayari, barua ameishika. Miguu ndiyo imenishinda. Na mpingo ukishaukata, hurudishi."

Kasimiri, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, alikuja Dar es Salaam kutoka Newala mwaka 1958. Vinyago ndivyo vinavyomlisha yeye, mkewe na watoto watano. Wiki njema huingiza shilingi arobaini. Wiki mbaya hula mihogo na kumshukuru Mungu.

Safari hii amepata kazi ya heshima. Kigango chao kimejenga kanisa jipya, naye amepewa kuchonga nguzo ya mimbari ya kusomea masomo. Itabarikiwa Jumapili hii.

Halmashauri ya kanisa imemchagua Onesimo, mtumwa wa kwenye Biblia aliyemtoroka bwana wake Filemoni. Alikutana na Mtume Paulo, akabatizwa, kisha Paulo akamrudisha kwa bwana wake na barua ya kumwombea apokewe kama ndugu.

"Ni habari ya undugu hasa," anasema Mwalimu Gaudens, katibu wa halmashauri, mwenyeji wa Bukoba. "Si ndiyo Ujamaa wetu huu?"

Tatizo liko nyumbani kwa mchongaji. Bibi yake mzaa mama, Yuliana, ambaye hajui mwaka aliozaliwa, naye alikuwa mtumwa. Alikuwa msichana mdogo kule Lindi, enzi za Mjerumani, alipotoroka shamba la bwana wake na kutembea siku nne pekupeku hadi misheni. Nyayo zake zina makovu ya miiba mpaka leo.

"Padri alinifundisha habari za huyo Onesimo," anasimulia. "Weee! Sikulala. Nikajua kesho na mimi napewa barua yangu, narudishwa."

Hakurudishwa. Alibatizwa, akaolewa, akazaa, na Misa hakosi labda augue. Lakini aliposikia mjukuu wake anachonga nini, alisema mara moja tu: Onesimo anayerudi akisimamishwa mle ndani, yeye haingii tena.

Tangu hapo Kasimiri hana raha.

"Mie nilipochukua kadi ya TANU niliapa binadamu wote ni ndugu zangu. Paulo naye anasema mpokee kama ndugu. Sasa kama ni ndugu, anarudi kwa bwana kufanya nini? Si angemwambia tu Filemoni, acha bwana, hii dhambi? Nikisema Paulo kakosea, naogopa. Nikisema kapatia, namwangalia bibi miguuni."

Pembeni yake, jirani yake Mwishehe, Mwislamu wa Kilwa anayepiga vinyago msasa, anatikisa kichwa.

"Usidhani sie tuna nafuu," anasema. "Kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa kumwacha mtumwa huru ni thawabu kubwa. Nikauliza, mbona watu hawakukatazwa tu kuwa na watumwa? Nikala bakora tatu. Babu yangu alikuwa nao, na swala haachi. Alinipenda sana. Haya, nimweke wapi?"

Bibi Yuliana humtania Mwishehe kila asubuhi anapompa uji. "Bwana mdogo, leo hununui mtu?" Mwishehe hucheka, kisha kikombe hukiosha mwenyewe.

Jana, Kasimiri alimwomba Mwalimu Gaudens aje amweleweshe bibi. Mwalimu akaja na Biblia yake kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Mie nina swali moja tu. Huyo Onesimo alipofika, bwana wake alimfanyaje?"

Mwalimu akafungua waraka wa Paulo kwa Filemoni. Ni mfupi, haujazi hata kurasa mbili. Akausoma wote, akaurudia, akavua miwani.

"Haikuandikwa, bibi."

"Haikuandikwa?"

"Paulo anaomba, anasalimu, basi. Wapo wanaosema alipokewa vizuri. Lakini humu hamna."

Aliyekuja kueleza akaondoka bila kueleza. "Miaka kumi na miwili nafundisha dini," alimwambia mwandishi wa habari hii mlangoni, "na swali hilo sijawahi kujiuliza. Nimeona haya."

Asubuhi hii Bibi Yuliana anaingia kibandani na mkongojo wake. Anamshika Onesimo kichwani, anateremsha mkono hadi kwenye barua, hadi kule chini ambako mti bado haujaguswa.

Kasimiri anasema hata leo hajaelewa, na Jumapili baada ya Misa atamuuliza padri mwenyewe, liwalo na liwe. Tumaini lake ni moja: bibi awe kwenye benchi lake la mbele.

"Utakuja, bibi?"

Kikongwe anauegemea mkongojo. Anamtazama Onesimo usoni.

"Mchonge aende huko alikotumwa," anasema. "Ila mvalishe makubazi, yenye kamba imara. Bwana wake akimpokea, vizuri. Asipompokea, asikimbie pekupeku kama mie. Ukimvalisha, nitakuja."